Inaonekana Kuna Neno Limekosekana

Nina duka la kuchapa Kitale. Ukiniuliza kazi yangu ni nini, nitakuambia ni kuwaambia watu wazima kwamba wameruka neno. Kuchapa kwenyewe kunafanywa na mashine. Kazi ya mashine haijawahi kunipandisha presha.

Watu huja na maneno yao kwenye simu au kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni: kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, vyeti vya shule za watoto, picha za wanaotaka kura. Mimi husoma kabla ya kuchapa, na karibu kila mara kuna neno limerukwa. Mwenye duka la pembejeo alitaka bango la kutangaza kwamba anauza zilizoidhinishwa na serikali. Zilizoidhinishwa nini? Mbegu? Dawa za ng'ombe? Nilipomuuliza alinikazia macho akasema wateja wake wanajua. Nikamchapia hivyo hivyo. Akarudi kesho yake akifoka kwamba mimi nimekula neno lake.

Zamani nilikuwa nawaambia moja kwa moja, kwa Kiingereza kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza: "You missed a word." Umeruka neno. Mwalimu mkuu mmoja alichukua karatasi zake kwenye kaunta yangu, akazipanga vizuri, akaenda nazo kwa jirani yangu, na tangu siku hiyo shule yake nzima inachapa kwa jirani. Basi nikajifunza. Nilianza kusema, "There seems to be a word missing here." Inaonekana kuna neno limekosekana hapa. Angalia sentensi hiyo ilivyojengwa. Haina mtu ndani yake. Neno limeondoka lenyewe, kama mbuzi aliyekata kamba, na sisi wawili, mimi na mteja, tunasimama tu kando ya kigingi tukishangaa. Mteja anacheka, anasema ala, kweli, na anaongeza neno lake bila aibu.

Kwa wakubwa zaidi, wachungaji na watu wa ofisi, nina nyingine: neno hili huenda "limeachwa bila kukusudia". Inadvertently omitted. Hiyo ukiisema unamsamehe mtu kabla hajakiri chochote. Nilizipenda sana sentensi hizo. Nilimfundisha hata binti niliyemwajiri kaunta, nikamwambia, ukitaka kula kwa kazi hii, usimtaje aliyeruka, taja tu pengo.

Kisha baba akafa, na sasa nikizisikia sentensi hizo nataka kurusha kitu.

Kwetu ni Kabuchai, upande mmoja miwa, upande mwingine mahindi. Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tunamwita mama mkubwa, alifunga naye ndoa ya kanisa, na pete ipo. Wa pili ni mama yangu. Nyumba ya mama mkubwa iko juu karibu na lango, yetu iko chini karibu na miwa. Mama alilima na baba, alimzalia, na baba alipopooza upande mmoja alikuwa katika nyumba ya chini, kwa hiyo mama ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani, mpaka mwisho. Sisemi hivyo ili apewe nishani. Nasema ili ujue alikuwa nani pale nyumbani.

Lakini watu wa ukoo wa baba hawakuwahi kumwita mke wa ndugu yao mbele ya watu. Walimwita "mama watoto". Walimwita "yule wa chini". Shangazi yangu wa Lwakhakha, ambaye hata ana roho nzuri, alikuwa akifika anauliza, "Wale wa huko chini wako salama?" na mama anaitikia kutoka chini kwamba wako salama. Miaka yote hiyo mama alinyamaza. Mimi nilidhani hajali. Siku ile maiti ilipopelekwa mochari, aliniita ndani, akafunga mlango, akaniuliza jambo moja tu.

"Siku ya kumzika, mimi nitaitwa nani?"

Nikamwambia ataitwa mke. Nilisema haraka, kama mtu anayesema chai iko tayari.

Nieleze kwa nini alikuwa anauliza. Kwetu siku ya mazishi husomwa wasifu wa marehemu, na kila anayetajwa husimama watu wamwone. Wake husimama kwanza na hubaki wamesimama, kisha watoto kwa nyumba zao. Wanaosoma maandishi ni wachache, lakini waliosimama wanaonwa na kila mtu, na kijiji huandika kichwani. Baada ya hapo mambo yote hufuata yale yaliyoonwa. Siku ya kunyoa nywele, nani anaitwa kukaa na wajane. Kikao cha ukoo kikiitishwa, nani anapelekewa habari. Mtu akija kusema huyu mama arudi kwao, nani atamjibu kwamba tulimwona akisimama. Mama hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa anatafuta mahali pa kukaa mpaka afe.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa baba mdogo. Alikuwa mkubwa wa elimu serikalini na sasa amestaafu, anaishi Bungoma mjini. Kiingereza chake kimevaa tai. Huyu ni mtu ambaye Krismasi moja alisimamisha maombi ya chakula kumrekebisha mjukuu. Yeye ndiye aliyeandika wasifu, kwa Kiingereza, bila shaka, ingawa nusu ya waombolezaji wangehitaji kuelezewa. Akautuma kwenye grupu ya familia na maneno haya: kindly go through and advise. Tafadhali pitieni mnishauri.

Nilipitia. Nilikuwa dukani, nilizima mashine ili nisome kwa utulivu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ulikuwa na sifa za baba ambazo baba mwenyewe angecheka. Ukurasa wa tatu ulianza na ndoa. Ulisema marehemu alikuwa mume mpendwa wa mama mkubwa, mke wake wa ndoa takatifu. Sentensi iliyofuata, nikiigeuza kwa Kiswahili jinsi ilivyokuwa, ilisema hivi: baadaye akamchukua mama, na jina lake kamili, awe, halafu koma, Mungu akawajalia watoto.

Awe nini?

Nilisoma tena. Pengo lilikuwa wazi kama jino lililong'olewa mbele. Hata mtoto angeliona. Nikafanya nilichozoea kufanya na wateja. Niliandika kwenye grupu, kwa Kiingereza kile kile cha kaunta, kwamba nashukuru kwa kazi nzuri, na kwamba inaonekana kuna neno limekosekana ukurasa wa tatu, mstari wa ndoa.

Baba mdogo akajibu upesi. "Noted with thanks, my daughter." Nimelipokea kwa shukrani, mwanangu.

Wengine nao wakashauri. Binamu wa Nairobi akataka shahada yake ya pili iandikwe. Mwingine akasema mwaka wa baba kuacha kazi umekosewa. Mwingine hakupenda picha. Ulipokuja wasifu uliorekebishwa, shahada ilikuwepo, mwaka ulikuwa umenyooshwa, picha ilikuwa imebadilishwa. Ukurasa wa tatu, baba alikuwa bado amemchukua mama awe, koma.

Nikaandika tena. Mara hii nikatoa ile ya wakubwa, kwamba neno moja huenda limeachwa bila kukusudia, na nikalitaja neno lenyewe, wife, mke, ili asihangaike kulitafuta. Aliniwekea kidole gumba. Nikampigia simu. Akasema, "Usijali mwanangu, hiyo ni typing error tu, nitaangalia." Nikamwambia nitachapa mwenyewe dukani kwangu, rangi kote, karatasi ile nzito, wasigharamike hata kidogo. Akasema hapana, wewe umefiwa, pumzika, tutachapa huku Bungoma. Alisema kwa upole sana. Nilikata simu nikiwa nimemshukuru, na ni baadaye nikikata karatasi za mteja ndipo nilipoelewa. Mtu ameninyima kalamu na mimi nimesema asante baba mdogo.

Nilirudi nyumbani siku moja kabla ya mazishi. Mahema na viti vilikuwa vimefika kutoka Kamukuywa, vijana wanapigilia vigingi. Mama alikuwa jikoni ameketi karibu na moto, goti lake bovu amelinyoosha. Aliniuliza mambo ya mchele, mambo ya wageni watakaolala, kisha akauliza alichotaka kuuliza.

"Hiyo Kizungu, wataniita aje?"

"Wife," nikasema.

"Waifu."

"Eeh."

"Nikisikia hiyo ndiyo nasimama?"

"Ndiyo mama. Watataja jina lako, halafu hiyo."

Akaitamka tena polepole, akiangalia goti lake. "Huu mguu lazima niuambie mapema," akasema. "Ukiushtukiza unakataa."

Sikumwambia habari ya grupu. Niliamini litarekebishwa. Sikuwa na sababu ya kuamini, lakini niliamini, kwa sababu katika kazi yangu mtu akishaonyeshwa neno lililokosekana huliweka. Hata wenye kiburi huliweka. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeonyeshwa pengo mara mbili akalipa rangi nzuri akalichapa.

Asubuhi ya mazishi nakala zilifika ndani ya katoni, zinang'aa, bado zinanukia wino. Nilichukua ya juu nikafungua ukurasa wa tatu. Awe, koma.

Nilimkuta baba mdogo nyuma ya hema la jikoni, anaelekeza watu wa vipaza sauti. Suti nyeusi, ua jeupe kifuani.

"Baba mdogo, ukurasa wa tatu. Lile neno bado."

"Neno gani?"

"Unajua neno gani."

Akavaa miwani. Alisoma kama mtu anayeona karatasi hiyo kwa mara ya kwanza duniani, midomo inacheza. Kisha akasema, kwa Kiingereza, sentensi yangu mwenyewe, ile ya kaunta: inaonekana kuna neno limekosekana hapa. Akatikisa kichwa. "Hawa watu wa printing bana."

"Mimi ndio watu wa printing," nikasema. "Mashine haichaguangi neno ya kuruka."

Aliangalia kushoto na kulia. Wanawake walikuwa wanapakua uji, hakuna aliyekuwa anatusikiliza, au wote walikuwa wanatusikiliza. Akanisogelea.

"Mwanangu, si unaelewa mambo. Pasta amesema hawezi simama kwa kaburi ya mtu wa mabibi wawili. Ati ikisomwa hivyo, anafunga Biblia anaenda. Sasa wewe unataka mzee azikwe na nani? Tuliona tuache hivyo. Kila mtu anajua. Kila mtu atajaza mwenyewe kwa roho yake."

"Na mama atajaza nini?"

"Mama yako ni mtu mzima. Ataelewa." Akanipigapiga begani. "Na wewe ndio utasoma. Kamati imekubaliana. Kizungu yako iko smooth, na watu waone nyumba zote ziko pamoja."

Nataka niseme vizuri nilichohisi, kwa sababu nimekibeba tangu siku hiyo. Sikukasirika kwa sababu ya pasta. Pasta ana sheria zake na alizisema. Nilikasirika kwa sababu baba mdogo alijua tangu siku ya kwanza. Angeniambia siku ile ile kwamba kanisa limekataa, tungegombana, tungelia, tungetafuta mchungaji mwingine, wapo wengi, au mama angeambiwa ukweli na kuamua mwenyewe kama atasimama au atakaa. Badala yake alinishukuru. Kila nilipomwonyesha pengo alinishukuru, na kila aliponishukuru alikuwa analilinda. Na mimi ndiye niliyempa mahali pa kujificha. Si ni mimi niliyemwambia limekosekana, kama vile lilikuwa limepotea sokoni? Sentensi zangu nzuri za kulishia duka langu, zote alizivaa yeye. Sasa alitaka na ulimi wangu.

Niliichukua karatasi. Nilisema sawa.

Ibada ilianza jua likiwa limepanda. Jeneza lilikuwa mbele, chini ya hema jeupe, wajane na watoto tumekaa upande mmoja. Mama mkubwa alikuwa na kitambaa cha akina mama wa kanisa, yeye ndiye kiongozi wao. Mama yangu alikuwa nyuma yake kidogo kwenye kiti cha plastiki, miguu ya kiti imezama kwenye udongo uliolainishwa na mvua. Alikuwa amevaa gauni la buluu alilopiga pasi mwenyewe. Mshereheshaji akaniita. Nikasimama kwenye kipaza sauti, pasta akiwa ameketi karibu nami kiasi kwamba nilisikia akipumua.

Nilisoma kuzaliwa kwa baba. Nilisoma shule zake, kazi yake, sifa zake. Mshereheshaji alikuwa anaweka Kiswahili kidogo hapa na pale kwa wazee. Nikafungua ukurasa wa tatu. Nilimtaja mama mkubwa, mke mpendwa, naye akasimama, akajinyoosha, akabaki amesimama kama inavyotakiwa. Watu wakamwangalia, wakatikisa vichwa kwa huruma.

Nilianza sentensi ya pili. Nilitaja jina la mama. Kwa pembe ya jicho nilimwona ameweka mkono mmoja kwenye ubavu wa kiti na mwingine juu ya goti. Alikuwa anauambia mguu. Uso wake aliuelekeza kwangu, mdomo umefunguka kidogo, anasubiri neno moja la Kizungu alilojifunza jikoni jana yake. Angesubiri hadi nimalize ukurasa. Angesubiri watoto watajwe majina na wasimame, yeye bado ameushika mguu wake, akidhani labda hakusikia vizuri, labda masikio yake ndiyo yenye makosa.

Nikalisema. Nilisema baba alimchukua mama awe mke wake. Wife. Nililisema kwa sauti ambayo kipaza sauti hakikuihitaji. Kisha kwa sababu nilishachoka na Kiingereza, nikaweka karatasi chini nikasema kwa Kiswahili, "Mama yangu ni mke wa marehemu. Mama, simama."

Alisimama. Ilichukua muda. Kiti kilikataa kutoka kwenye udongo, goti likakataa, dada yangu akataka kumshika mkono, mama akamsukuma. Watu wote walingoja, na katika kungoja huko hakuna aliyeweza kusema hakumwona. Akanyooka. Akapangusa gauni mbele.

Nilisikia Biblia ikifungwa. Pasta alikuwa ameinuka. Baba mdogo naye alikuwa ameinuka upande wa kamati, mikono mbele kama mtu anayetaka kushika glasi inayoanguka. Hapo ndipo mama mkubwa alipozungumza. Hakugeuza hata kichwa. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kugawa kazi za kufagia kanisa.

"Pasta, keti. Bado tunasoma."

Pasta akaketi. Sijui kwa nini mama mkubwa alisema hivyo, sijawahi kumuuliza. Huenda ni kwa ajili ya mama. Huenda hakutaka tu mume wake azikwe katikati ya fujo. Na pasta labda alikumbuka ni nani anayewapanga akina mama wanaompikia. Niliokota karatasi nikaendelea na watoto, nyumba ya juu, nyumba ya chini, sauti yangu ikitetemeka. Baadaye watu walinijia wakanishika mikono wakaniambia pole, tuliona uchungu ulivyokuzidi. Walidhani nilikuwa nalia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma.

Tulipomaliza kufukia, baba mdogo alinifuata penye tangi la maji nilipokuwa nanawa udongo. Alikuwa amevua lile ua. Hakuanza na lile "mwanangu" lake.

"You added a word," akasema. Umeongeza neno.

Nikamwangalia.

"Wewe umeongeza neno haikuwa kwa programu. Umeaibisha kamati. Wewe. Nani alikutuma?"

Ajabu iliyoje. Kumbe sentensi yenye mtu ndani anaijua. Neno lilipotolewa hakuna aliyelitoa, lilikosekana tu, liliachwa, halikukusudiwa, hawa watu wa printing bana. Neno liliporudi, mara moja lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mimi, na kidole kilikuwa kifuani pangu. Kama angejinyooshea kidole kama hicho yeye mwenyewe wiki moja kabla, akasema mimi nimelitoa, ningemheshimu hata leo. Ningemkasirikia, lakini ningemheshimu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni mimi niliongeza." Nikaendelea kunawa.

Siku ya kunyoa nywele, shangazi wa Lwakhakha ndiye aliyeshika wembe. Alimaliza kumnyoa mama mkubwa, akapangusa wembe, akaita, "Mke wa pili aje." Alisema hivyo tu, bila kufikiri, kama mtu anayesoma kitu alichokiona. Mama akaenda akaketi, akavua kitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chungu cha maji ya moto, nikalazimika kukitua.

Jioni mama aliniambia nimletee ile karatasi ya Kizungu. Akataka nimwonyeshe mahali. Nikamwonyesha ile koma. Aliiangalia muda mrefu, kichwa chake kipya kinang'aa, akaweka kidole gumba hapo hapo penye pengo.

"Kwa hivyo wao hawakuandika."

"Hawakuandika, mama."

"Na walijua."

"Walijua."

Nilitaka kuongeza maneno, nimpunguzie. Maneno ya kupunguza ndiyo kazi yangu. Lakini sikuongeza. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni penye kitambulisho chake, akaniuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Ingeishia hapo. Lakini baba mdogo ni mtu wa taratibu. Baada ya majuma machache alinitaja kwenye grupu, wote wakisoma, binamu wa Nairobi na shahada zake, shangazi anayesomewa na wajukuu. Akasema kamati imeketi na imeona kwamba nilimvunjia heshima mtumishi wa Mungu na wazee. Akasema ninatakiwa kuomba radhi, kwa maandishi, hapo hapo kwenye grupu, na akapendekeza niandike kwa Kiingereza kwa ajili ya kumbukumbu. Watu wakaweka mikono ya kuomba. Wengine wakanipigia simu, andika tu yaishe, wewe ni mtoto, yeye ni mzazi.

Nilikuwa dukani. Binti wa kaunta alikuwa anamwambia mteja, kwa upole niliomfundisha, kwamba inaonekana kuna neno limekosekana hapa. Mteja akacheka, akasema ala, kweli. Nikachukua simu yangu nikaandika radhi yangu. Niliandika kwa Kiingereza kizuri, herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake, nikaisoma kabla ya kuituma kama ninavyosoma kazi ya mteja. "I am deeply for the word I added at the burial." Nikiigeuza, ni mimi kwa moyo wangu wote, halafu pengo, kwa ajili ya neno nililoongeza pale mazishini. Mahali pa ile sorry, mahali pa kuomba radhi, sikuweka kitu. Nikatuma.

Niliona baba mdogo anaandika, anaacha, anaandika tena. Hatimaye jibu likaja. Alisema, kwa Kiingereza, my daughter, there seems to be a word missing.

Nikamjibu: noted with thanks. Na tangu siku hiyo hilo neno bado tunalitafuta.